Sanduku la Wakamwana

Mashine ilimwambia Subilaga kwamba mikono yake ni michafu.

Haikusema hivyo waziwazi, mashine ina adabu zake. Iliwasha taa ya manjano, ikaandika kwenye kioo: JASHO LA MSOMAJI LIMEINGIA KWENYE KIELELEZO, ANZA UPYA. Subilaga akavua glavu, akanawa mpaka viwikoni, akajifuta kwa kitambaa kipya, akavaa glavu nyingine, kisha akaishika ile karatasi ya kura kwa kibanio na kuilaza tena kwenye sinia la kioo. Nje mvua ya Lupagalo ilikuwa inanyesha ile ya kutokuwa na haraka, inayoanza asubuhi na kukuaga jioni. Akangoja. Taa ya manjano ikawaka tena.

Mara ya tatu alikasirika. Miaka kumi na moja anasoma jasho, hajachafua karatasi hata moja.

Karatasi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka arobaini kasoro siku moja. Jasho la mtu, wajua, lina chumvi yake na mafuta yake, na ndani yake mna vijidudu visivyoonekana, na kila mtu ana kundi lake. Vikifa hukauka palepale mtu aliposhika. Mashine huvisoma hata hivyo, kama mama anavyonusa kibuyu akajua maziwa yamelala siku ngapi. Hutaja mwaka wa kushikwa, na hutaja nyumba, kwa kuwa watu wanaokula chungu kimoja hufanana jasho. Ila ikifika miaka arobaini huchoka. Hapo haioni kitu.

Ndiyo sababu Bunge, lilipobadilisha ukomo wa kushtaki makosa makubwa, liliandika arobaini. Zamani mwizi wa kura alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuogopa, ukishapita, analala. Sasa mauaji hayakuwa na ukomo kabisa, na wizi wa kura ukapewa arobaini, kwa sababu hapo ndipo mashine inapochoka. Arobaini ikitimia, karatasi zinachomwa.

Karatasi za kituo cha Lupagalo zingechomwa kesho, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

"Bado tu?" Ikupa aliuliza kutoka dirishani.

Ikupa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye sweta la kijani. Alikuja kila siku tangu faili la baba yake lifunguliwe, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akafuma kofia za watoto. Baba yake, Ambokile, ndiye karani aliyefungwa kwa karatasi hizi.

"Bado, dada. Mashine ina kiburi leo."

"Ipige kofi. Redio ya baba ilikuwa haiimbi mpaka ipigwe." Akacheka, halafu akaacha. "Mdogo wangu, usinionee huruma. Mimi sitaki mtu anyongwe. Nataka jina la baba lisomwe redioni kama lilivyosomwa siku ile ya hukumu. Siku ile lilisomwa asubuhi, mchana na jioni."

Subilaga akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye sinia.

Kisa cha kituo kile kila mtu alikijua. Baada ya mashine za kupigia kura kudanganya uchaguzi mara mbili, nchi ilirudi kwenye karatasi. Lupagalo waliweka kituo shuleni, na msimamizi akawa mwalimu mkuu. Hapo ikazuka shida. Kwa watu wa Lupagalo, mke wa mwanao hakuoni, nawe humwoni. Mkikutana njiani anaingia migombani mpaka upite. Wala si mke wa mwanao peke yake. Ni wake za wana wa kaka zako, na za wana wa marika yako. Mwalimu mkuu alikuwa na wakamwana wa namna hiyo zaidi ya mia mbili. Wangepigaje kura mbele yake?

Basi wakatenga chumba kwa majani ya migomba na mikeka, wakaweka sanduku la pili, wakamweka Ambokile peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa kijana na hakuwa baba mkwe wa mtu. Wakaliita sanduku la wakamwana. Wanawake wale walikuwa wamekubaliana wazi, hata kwa nyimbo, kumchagua mama mmoja aliyeahidi kwamba chemchemi haitaelekezwa kwenye mashamba makubwa ya chai. Sanduku lilipofunguliwa, kura mia mbili na kumi na mbili zote zilikuwa za mpinzani wake.

Nani aliziingiza? Mwalimu hakuvuka mkeka. Angevukaje, na wakamwana wako upande ule? Wanawake wenyewe walisimama mahakamani wakaapa: baba mkwe havuki. Jaji akaandika. Ambokile akapewa miaka saba, akafa mwaka wa tano. Maji yakapandishwa juu kwenye chai, na wanawake wa bondeni wakateka mbali kwa miaka kumi na tisa.

Na sasa mashine ilionyesha kwamba kwenye karatasi zile hapakuwa na mkono wa mwanamke hata mmoja. Palikuwa na mkono wa Ambokile, aliyezihesabu. Na mkono mwingine, wa mwaka uleule, ambao mashine iling'ang'ania kwamba ni wa nyumbani kwa msomaji.

Subilaga akaketi. Yeye mwenyewe mwaka ule alikuwa na miaka mitatu, kwa wazazi wake, kata nyingine kabisa. Mumewe Lugano alikuwa na minne. Chungu anachokula leo, na ambacho amekipika kwa miaka ishirini, kina watu watatu tu tangu mwanawe Tumpe aende chuo.

Mwalimu mkuu wa wakati ule aliitwa Anyandwile. Alikuwa baba mkwe wake.

* * *

Alimwambia wakili wa serikali siku hiyohiyo. Wakili Mwambelo alikuwa mtu wa kutafuna karanga. Alipomsikia aliacha kutafuna.

"Basi inabidi ujitoe. Ndugu hasomi ndugu."

"Nikijitoa, msomaji mwingine anafika lini?"

"Jumapili. Jumatatu kama barabara imekatika."

Wote wawili wakatazama kalenda ukutani, kana kwamba ingewaongezea siku.

"Kuna mlango mmoja," wakili akasema. "Mtuhumiwa akimridhia msomaji ndugu, kwa kauli yake, mbele ya kinasa, wakitazamana uso kwa uso, inakubalika. Halafu unamshika mkono kwa ajili ya jasho bichi, mashine ilinganishe. Jasho linazeeka na mwenyewe, bila mkono hai hatuna kesi. Na bila kumshtaki mwenye kosa, hukumu ya Ambokile haifutiki. Sheria ndivyo ilivyoandikwa." Akamtazama vizuri. "Ninyi wa Lupagalo bado mnafuata ile mila?"

"Nyumbani kwetu tunafuata."

"Kwa hiyo hujawahi kumwona?"

"Namjua kikohozi."

Wakili akarudisha karanga mfukoni. "Dada yangu, mimi sikutumi. Kesho ikifika saa kumi na mbili na sijapokea kitu, nitaandika hakikupatikana kitu. Hakuna atakayekuuliza."

* * *

Lugano alikuwa uani, chini ya upenu, amefungua tumbo la mashine ya kuchumia chai. Ilikuwa na vikono thelathini vidogo, na kimoja kilikuwa kinachezacheza chenyewe kama mguu wa panzi.

"Mama Tumpe, mapema leo," alisema. Alipouona uso wake akazima mashine.

Akamweleza yote, amesimama, mwavuli mkononi. Lugano hakubisha. Hilo lilimuumiza Subilaga kuliko kelele.

"Ulijua?"

"Sikujua. Ila nilikuwa mtoto, na kila ilipotajwa redioni habari ya Ambokile, baba aliondoka mezani. Mtoto anaona." Akafuta mafuta vidoleni, kimoja baada ya kingine. "Ana miaka themanini na minane."

"Najua."

"Alipofanya, sheria ilisema mwaka mmoja. Mwaka ukapita. Sheria yenyewe ikamwambia, wewe basi, lala. Sasa amezeeka wanamwamsha, wanasema tumebadilisha. Mtu na mtu wakikubaliana hivyo, si utaita uhuni?"

"Na Ambokile sheria ilimwambia nini?"

Lugano akakirudisha mahali pake kile kikono kilichokuwa kikichezacheza.

"Ikupa ana kofia mia tatu nyumbani, Baba Tumpe. Anafuma tu. Hana mtoto wa kumvisha. Nani angeoa kwa mwizi wa kura?"

"Sikuambii udanganye," Lugano akasema polepole. "Sikuambii utupe karatasi. Chelewa tu. Kesho umwa kichwa. Watu huumwa vichwa."

Subilaga aliukunja mwavuli. Aliingia jikoni akamenya ndizi za mbalaga, akaziweka na maharage, akachochea moto. Alipika vizuri kuliko siku zote, na hakuna aliyemaliza sahani.

* * *

Katika nyumba ile, mkamwana na mzee walizungumza kupitia mlango. Si kwamba walizungumza wao kwa wao, la. Kila mmoja aliuambia mlango. Ulikuwa mlango wa mninga uliotenganisha jiko na chumba cha mzee, na kwa miaka ishirini ulikuwa umebeba salamu, pole za misiba, kuzaliwa kwa Tumpe na ugomvi mmoja mkubwa juu ya chumvi.

Ijumaa Subilaga hakwenda kazini. Kinasa na kisomeo cha mkononi, kinachotuma jasho kwenye mashine ya kazini, alikuwa amerudi navyo jana kwenye mkoba. Asubuhi nzima alifagia palipofagiwa. Ilipofika saa nane mchana aliweka uji kwenye kigoda, akagonga.

"Mlango, mwambie baba uji uko tayari."

Kikohozi. "Mlango, mwambie binti wa watu nimeusikia. Mwambie pia kuta za nyumba hii ni nyembamba, jana nilisikia mengi."

Subilaga akaegemea ukuta.

"Mlango, muulize baba kama ni kweli."

Maji ya mvua yalikuwa yanatiririka kwenye pipa.

"Mlango," sauti ikasema, "mwambie nilivuka."

"Kwa nini?" Alisahau kuutaja mlango.

"Walikuja watu wawili jana yake. Wana adabu sana, walivua viatu, ila glavu hawakuvua. Wakaniuliza habari za Lugano. Walijua jina lake, walijua anachezea wapi, walijua kandambili zake ni nyekundu. Basi. Hawakusema zaidi. Wakaniachia bahasha yenye karatasi za kura zilizokwisha kupigwa." Akakohoa. "Saa saba wakamwana walikuwa wamemaliza kupiga kura, wameondoka. Nikamwambia Ambokile, nenda kale, mwanangu, mimi nitakuangalizia mlango. Nikavuka. Nilitetemeka, si kwa sababu ya kura. Kwa sababu ya mkeka. Nilikuwa sijawahi kuingia walikokaa wakamwana."

Subilaga akaziba mdomo kwa khanga.

"Walipomkamata, nilisema nitangoja mwaka uishe, ndipo niseme. Ukiisha hawanishiki, naye watamtoa. Niliweka alama ukutani kama mfungwa. Mwaka ukaisha. Nikaamka asubuhi ile, nikaona hakuna anayeniuliza. Mke wangu amepika magimbi. Lugano anaimba herufi. Nikasema, kesho. Nikasema tena, akitoka nitakwenda nimpigie magoti. Hakutoka." Sauti ikashuka. "Sitamwambia mkamwana wangu afanye nini. Nilishamwamulia mtu mmoja maisha yake, yatosha."

Subilaga alibaki pale muda mrefu. Alifikiria kuumwa kichwa. Alifikiria saa kumi na mbili itakavyofika, tena itafika yenyewe bila yeye kugusa kitu, na Jumatatu Ikupa atakuwa kwenye benchi, kwa mazoea tu, na yeye atapita mbele yake akimwambia mashine haikupata kitu. Atapita Jumanne. Atapita mpaka mmoja wao afe. Akaona anaanza kuweka alama zake mwenyewe ukutani.

"Baba," akasema. Halikuwa neno la mlango. "Nahitaji ridhaa yako. Nahitaji na mkono wako. Inabidi tuonane."

Akasikia kitanda kikilia, akasikia kandambili zikiburuzwa. Kitasa kikageuka upande wa pili.

Kwa kikohozi kile alikuwa amejenga kichwani mwake mtu mkubwa, mwenye kifua. Aliyesimama mlangoni alikuwa mdogo, amefika begani kwake, sweta limefungwa vifungo kwa kukosea, na kidevuni ana jeraha la wembe alipojinyoa vibaya. Alipojaribu kusema, shavu la kushoto likafanya kibonye. Kibonye cha Tumpe. Miaka kumi na minane Subilaga alikuwa akijiuliza mwanawe amekitoa wapi.

Mzee naye alimtazama, macho yamemjaa, kisha akayashusha miguuni pake, kisha akayainua tena kwa nguvu, maana sheria ilitaka yainuliwe.

"Mimi Anyandwile, mwalimu," alikiambia kinasa, "namridhia msomaji huyu. Ni mke wa mwanangu. Ananipikia."

Subilaga akanyoosha mkono. Ule wa mzee ulikuwa mwepesi, mkavu, wa moto kidogo, akaufunika kwa mkono wake wa pili. Kisomeo kilihitaji dakika moja. Walishikana dakika moja, na Lugano, aliyekuwa amefika mlango wa uani na spana mkononi, akawaona, akageuza shingo kama mtu aliyekuta watu uchi.

* * *

Kulinganisha huchukua saa moja na nusu. Mashine hulirudisha jasho nyuma mwaka kwa mwaka, kama mtu anayefumua kofia. Walikaa chumba kimoja wakingoja, na hawakujua namna ya kukaa. Subilaga alianza kukaa mkekani, akainuka, akakaa kwenye kigoda, akageuka upande. Mzee alijaribu kunywa uji mbele yake, akaurudisha chini.

"Hivi wewe ni mrefu," alisema mwishowe.

"Mama yangu alikuwa mrefu."

"Nilidhani mfupi. Unagonga mlango chini."

"Huwa nimeinama, baba. Nimebeba sinia."

"Aa." Akatikisa kichwa. "Miaka yote hiyo."

Saa kumi na moja kasorobo taa ya kijani ya kisomeo ikawaka. MKONO MMOJA. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja, kimeandikwa TUMA. Subilaga akaweka kidole. Lugano alikuwa amesimama pale mlangoni. Hakusema achelewe, hakusema asichelewe. Alikuwa analia tu, bila sauti, na mafuta ya mashine yamemchora mashavuni.

Subilaga akabonyeza.

Gari la polisi, lile lisilo na dereva, lilifika saa kumi na moja na nusu likiwa na askari wawili wa kike na Wakili Mwambelo. Habari ilikuwa imetangulia. Njia yote ya migombani ilijaa watu, na miongoni mwao walikuwapo wazee wa kike, wakamwana wale wa siku ile, walioapa mahakamani kwamba baba mkwe havuki. Ikupa alikuwapo pia, kwenye matope, na sweta lake la kijani limelowa.

Mzee alitolewa akiwa ameshikwa viwiko, maana utelezi ulikuwa mbaya. Lugano alimfungua vifungo vya sweta uani, akavifunga upya sawasawa, mpaka juu shingoni. Halafu akageuka akaingia ndani.

Mwalimu Anyandwile akatembea katikati ya watu. Wale wazee wa kike walifunika nyuso kwa khanga, mmoja baada ya mwingine, kama walivyofundishwa walipoolewa. Wanaume walitazama miguu yao. Ikupa alikuwa amengoja miaka arobaini kumwona mtu huyu; alimwangalia hatua mbili, tatu, akaona alivyo mdogo, naye akageuza uso kwenye migomba, mabega yakimtikisika.

Subilaga alibaki amesimama mlangoni pa jiko. Mzee alipofika kwenye gari alisita, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau, na popote alipotazama alikuta migongo na khanga. Subilaga hakugeuka. Alimtazama alipoinamishwa kichwa aingie, alimtazama kwenye kioo kilicholowa, akaendelea kumtazama mpaka gari likakata kona ya shule.